Mashine Yetu Ilijua Kuhesabu Mistari

Nilipoajiriwa katika kituo kimoja kidogo cha utafiti hapa Kigali, shangazi yangu alimwambia jirani kwamba nimepata kazi kwenye kiwanda cha nyuzi. Hakukusudia kudanganya. Nilikuwa nimemweleza tukiwa mezani kwamba nitashughulika na nadharia ya nyuzi, naye, aliyeishi Bukoba miaka mingi kabla familia yetu haijarudi Rwanda, alilielewa neno hilo kama linavyoeleweka na watu wote wenye akili timamu. Jirani mwenyewe alikuwa fundi cherehani, mzee Mwislamu ambaye babu yake alifika huku na wafanyabiashara kutoka pwani. Jioni moja nilipokuwa napita mbele ya kibaraza chake pale Gikondo akanisimamisha, akataka kujua kama kiwanda chetu kinatoa uzi wa pamba au wa nailoni.

"Nyuzi zetu ni ndogo mno, mzee," nikamwambia. "Hazionekani hata kwa darubini."

Akafikiri kidogo. "Basi zitakuwa za Kichina," akasema, akaendelea kushona.

Sikumsahihisha. Wakati huo nilikuwa bado najaribu kujieleza mwenyewe.

Mkurugenzi wa kituo alikuwa profesa aliyekulia Uganda, mtu mrefu, mpole, anayeongea polepole kana kwamba kila sentensi itaandikwa. Alikuwa ameutumia ujana wake wote kwenye nyuzi hizo. Kwa miaka mingi, alinisimulia, akitoa mhadhara wanakuja watu watano, na wawili kati yao wamekuja kwa ajili ya chai. Kisha siku moja akaongeza maneno mawili kwenye kichwa cha mhadhara: akili mnemba. Mhadhara ulikuwa uleule, picha zilezile, hata mzaha wa katikati hakuubadilisha. Ukumbi ukajaa hadi watu wakasimama mlangoni. Alinisimulia haya bila kucheka, kama mtu anayeeleza alivyopona ugonjwa.

Tangu hapo hakutazama nyuma. Akatangaza kwamba kituo kitatumia mashine zinazojifunza kufumbua siri za nadharia ya nyuzi, akatuajiri wawili: mimi, na dada mmoja aliyesoma hisabati Kampala, mwembamba, asiyependa mikutano. Tulipewa chumba chenye dirisha moja na kompyuta moja yenye nguvu, ambayo ilikuwa na feni yake peke yake. Sisi hatukuwa na feni. Tukizungumza tulichanganya Kiingereza, Kinyarwanda na Kiswahili, kama watu wengi wa mji huu; hapa nayaandika yote kwa Kiswahili changu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wanafizikia wa nyuzi wanasema kwamba kitu chochote, kiwe meza au nyota, ukikigawa hadi mwisho kabisa utakuta uzi mdogo unaotetema. Hesabu zao zinakubali kwa sharti moja tu: ulimwengu uwe na vipimo sita zaidi ya hivi tunavyovijua, navyo viwe vimekunjwa vidogo sana kila mahali, hata hapo ulipokaa. Vimekunjwa kwa umbo gani, hakuna ajuaye, na maumbo yanayowezekana ni mengi kupita kiasi. Kila umbo linaweza kuandikwa kama jedwali la namba, na kila umbo lina namba zake muhimu, moja yao ikisema lina njia ngapi za kutanuka bila kuchanika. Kuitafuta namba hiyo kwa mkono ni kazi ya kuumiza kichwa. Kwa hiyo tuliichukua orodha ya maumbo elfu kadhaa ambayo wanahisabati wa nje walikwisha kuyakokotoa, tukaanza kuionyesha kompyuta: jedwali hili, jibu lake hili, na hili, jibu lake hili. Ikishaona mengi ya kutosha, inaanza kukisia majibu ya majedwali ambayo haijawahi kuyaona. Huko ndiko kujifunza kwa mashine. Hakuna zaidi ya hapo, ingawa wanaoandika mabango hupenda kuongeza.

Wiki za mwanzo ilikisia ovyo. Tukarekebisha hiki na kile, tukaifundisha upya, na asubuhi moja nikakuta imepata karibu kila jibu. Nilidhani nimekosea kusoma. Nikamwita dada, akatazama. Nikamwita mkurugenzi. Alikuja na kikombe cha chai mkononi, akakiweka juu ya kompyuta, jambo alilotukataza sisi kulifanya, akaketi.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Ikapata tena.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "mashine iliyo Kigali inaviona vipimo sita vilivyofichika."

"Inakisia namba moja tu, Profesa," dada akasema.

"Ndiyo. Namba ya vipimo vilivyofichika."

Ilikuwa vigumu kubishana naye kwa sababu alikuwa na furaha. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amekwisha kupiga simu nyingi, na baada ya chakula alitutangazia kwamba tutatembelewa na ujumbe wa wageni waheshimiwa, wengine wa serikali, wengine wa wafadhili. Tulikuwa na muda wa kutosha kujiandaa. Tatizo moja tu ndilo lililomsumbua.

"Wageni hawawezi kupiga picha na jedwali," akasema. "Wanahitaji kitu cha kusimama mbele yake."

Ndiyo maana siku iliyofuata mimi na yeye tulishuka kwenye gari lake Gisozi, Agakiriro, mahali ambapo nusu ya vitanda na mageti ya Kigali huzaliwa. Mvumo wa misumeno ulikuwa mkubwa hata tukawa tunaongea kwa mikono. Tulimpata fundi wa kuchomelea vyuma aliyesifika kwa mageti ya maua, mtu mnene mwenye miwani nyeusi aliyoipandisha kwenye paji la uso ili atuone vizuri. Mkurugenzi akamwonyesha kwenye simu picha ya umbo moja kati ya yale ya orodha yetu, au tuseme kivuli chake, maana kitu cha vipimo sita hakichoreki. Linafanana na ua lililojikunja ndani ya ua jingine, ambalo nalo limeghairi kuchanua.

Fundi akaigeuza simu huku na huku. "Bosi, hii kitu iko ya nini?"

"Ni umbo la ulimwengu," mkurugenzi akajibu.

"Sawa. Lakini inafanya kazi gani? Iko geti? Iko dirisha?"

"Haifanyi kazi. Inatazamwa."

Uso wa fundi ukafunguka. "Ah, kumbe kama ile ya kwenye mzunguko wa barabara. Ungesema mapema." Akapima hewani kwa mikono yake. "Mlango wake unaweka wapi?"

"Haina mlango."

"Na usafi? Mtu wa usafi atapita wapi? Vumbi iko mingi Kigali."

Mkurugenzi akanitazama kana kwamba jibu lilikuwa katika fani yangu. Nikasema umbo halisi halina ndani wala nje kwa maana ya kawaida. Fundi akatikisa kichwa kwa upole wa mtu aliyezoea wateja wa aina zote. "Nitaacha katundu," akasema. Kisha, baada ya kuitazama picha tena: "Ukiweka na maji itapendeza. Wageni wanapenda maji."

Nilitegemea mkurugenzi akatae. Aliuliza kama bomba litaonekana.

Kazi ya Gisozi ilipokuwa inaendelea, dada alikuwa amerudi kwenye ukimya wake, na ukimya wake sikuupenda. Alikaa mbele ya kompyuta siku nzima bila kuifundisha chochote; alikuwa anaiuliza tu. Mchana mmoja akavuta kiti chake pembeni.

"Njoo uniandikie jedwali," akasema.

"Jedwali gani?"

"Lolote. La uongo. Weka namba zozote, lakini mistari iwe saba."

Nikaandika upuuzi. Niliweka umri wa shangazi, namba ya nyumba yetu, namba za viatu vya watu ninaowajua. Hakuna umbo duniani wala mbinguni linaloandikwa hivyo. Dada akabonyeza, na mashine ikajibu: saba.

"Ongeza mistari miwili," akasema.

Nikaongeza, upuuzi juu ya upuuzi. Mashine ikajibu: tisa.

Tukatazamana. Nikafuta mstari mmoja mwenyewe bila kuambiwa. Ikajibu nane, kwa kujiamini kulekule ilikokuwa nako mbele ya mkurugenzi.

"Inahesabu mistari," nikasema.

"Inahesabu mistari," akakubali. "Hii orodha tuliyoichukua ni ile iliyopangwa upya. Waliipanga kwa makusudi ili njia za kutanuka zilingane na mistari ya jedwali, karibu kwa kila umbo. Imeelezwa wazi kwenye utangulizi."

"Nani alisoma utangulizi?"

"Mimi. Leo."

Nilicheka hadi nikaketi chini sakafuni, kisha kicheko kikanikauka. Ilikuwa imenijia picha ya lile ua la chuma likiletwa kwenye lori. Kompyuta yenye feni yake mwenyewe, umeme wa wiki nyingi, na sisi wawili wenye shahada, tulikuwa tumeunda kitu kinachoweza kufanya kile ambacho mtu hukifanya kwa kidole.

Tulikwenda kumwambia mkurugenzi pamoja, maana hakuna aliyetaka kwenda peke yake. Alitusikiliza hadi mwisho. Alipiga miayo mara moja, nadhani kwa hofu. Kisha akasimama dirishani akatazama bonde.

"Nani aliyeifundisha kuhesabu?" akauliza.

"Hakuna, Profesa."

"Kwa hiyo imejifunza yenyewe."

"Imejifunza, lakini..."

"Na jibu linalotoka ni sahihi."

"Ni sahihi kwa orodha hii," dada akasema. "Kwa sababu ambayo ilijulikana tangu zamani."

"Ilijulikana kwa watu," mkurugenzi akasema. "Kwa mashine ni jambo jipya."

Hadi leo sidhani kama hilo lina jibu. Nataka nimtendee haki. Hakuwa tapeli. Alikuwa ameyapenda maumbo haya maisha yake yote mbele ya viti vitupu, na sasa viti vilikuwa vinajaa. Alitutaka tuandike sentensi ya bango ambayo haina uongo ndani yake. Tuliifanyia kazi mchana kutwa, sisi watatu, kwa makini ambayo laiti tungeyatumia kusoma ule utangulizi. Mwishowe bango likasomeka kwamba mashine imegundua bila kuelekezwa uhusiano wa msingi kati ya muundo wa jedwali na jiometria iliyofichika. Kila neno lilikuwa la kweli. Dada alilisoma mara kadhaa, akasema linamkumbusha risala za harusi.

Siku ya ziara, ua la chuma lilikuwa limesimama kwenye bustani ya mbele, limepakwa rangi ya fedha, na maji yakitoka mahali ambapo kwa mujibu wa hesabu hakuna mahali. Fundi alikuja mwenyewe akiwa na suti, akawa anaifuta mifereji ya maji kwa kitambaa kila wageni walipogeuka. Magari yakaingia. Viongozi wakashuka, wakapeana mikono, na kabla ya neno lolote kusemwa wakapiga picha mbele ya ua, kwanza wote, kisha makundi, kisha mmojammoja. Mfadhili mmoja aliomba apigwe akiwa ameingiza mkono kwenye katundu ka usafi.

Ndani, mkurugenzi alizungumza vizuri. Alizungumza juu ya ulimwengu, juu ya vijana, juu ya nafasi ya bara letu. Kisha akasema mtafiti wetu ataeleza matokeo, akamwonyesha dada kwa mkono, kwa sababu tulikubaliana kwamba yeye ndiye aliyeielewa kazi kuliko wote. Alikuwa ametayarisha maneno ya bango. Lakini mgeni mkuu, mama mmoja mwenye miwani ya kusomea na sauti ya mwalimu, akainua kalamu.

"Nimelisoma bango," akasema. "Ni zuri. Sasa nieleze kama unavyomweleza mama yako. Mashine imefanya nini?"

Dada akamtazama mkurugenzi. Akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama karibu na ukuta, nimeshika chaja.

"Imehesabu mistari, Mheshimiwa," akasema.

Niliusikia mlio wa maji nje.

"Mistari ya jedwali?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote."

"Bila kukosea?"

"Karibu bila kukosea."

Mheshimiwa akaandika kitu. "Hongereni sana," akasema, akapiga makofi, na kwa kuwa yeye alipiga, wote wakapiga.

Dada alijaribu tena, naapa alijaribu. Alisema hilo si jambo kubwa, kwamba mtoto wa shule angeweza. Hilo likawafurahisha zaidi. Mfadhili wa katundu alisema unyenyekevu wa namna hii ni nadra kwa wanasayansi. Kisha akauliza, kwa uso wa mtu ambaye amepata wazo zuri safarini: "Je, inaweza kuhesabu mistari ya kahawa shambani?"

Nilimtazama mkurugenzi. Niliona kitu kikipita usoni mwake, majonzi madogo, kama ya mtu aliyeposa dada mkubwa akapewa mdogo. Kikapita.

"Hilo," akasema, "liko katika awamu ya pili."

Jioni ile tulitokea kwenye taarifa ya habari. Shangazi aliwaita majirani wote wa karibu. Ua la chuma lilionekana muda mrefu, likimwaga maji, kisha kiwiko changu na chaja.

"Ndiyo mashine ya nyuzi hiyo?" fundi cherehani akauliza.

"Ndiyo," shangazi akajibu, kabla sijafungua mdomo. "Inazisafisha kwa maji kwanza."

Awamu ya pili ilikuja kweli. Kituo kikapata vijana wapya na kijidege cha kupiga picha kutoka angani, na mkurugenzi akawa mtu wa safari. Leo yuko kwenye vilima vya magharibi, kesho yuko kwenye kongamano analieleza jukwaa jinsi jiometria iliyofichika ilivyomfikisha kwenye kahawa. Watu wanamsikiliza. Nimekwenda kumsikiliza mara moja. Katikati aliweka picha ya umbo la zamani, akalieleza kwa dakika chache zaidi ya ilivyohitajika, na kwa dakika hizo sauti yake ilikuwa nyingine. Kisha akarudi kwenye mashamba.

Fundi wa Gisozi naye hakubaki nyuma. Katika mitaa mipya nimeona mageti kadhaa yenye ule mkunjo wa ua ndani ya ua. Nasikia wateja huyaita mageti ya profesa.

Sisi wawili tuliachiwa chumba chetu na kompyuta. Hakuna aliyetuambia tuendelee na hakuna aliyetuambia tuache. Dada alichukua orodha ya zamani, ile ambayo haijapangwa upya, akaondoa kila umbo ambalo jibu lake linalingana na idadi ya mistari. Yakabaki machache, maumbo yenye vichwa vigumu. Tena tukaacha namba ile ya kutanuka, tukaichukua ya pili, inayosema umbo lina njia ngapi za kupindwa likabaki lenyewe. Hiyo haihesabiki kwa kidole.

Mashine yetu, iliyopigiwa makofi, ikageuka mjinga. Ikakosea asubuhi na mchana. Nilipomwambia shangazi kwamba sasa kazi inakwenda vibaya kuliko mwanzo na kwamba nimefurahi, aliniombea kanisani Jumapili ile, akitaja tu kwamba mwana wa kaka yake ana uchovu wa kichwa.

Lakini nilikuwa nimefurahi kweli. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niajiriwe kwamba nilikuwa sijui jibu na mashine pia haijui, na hakuna aliyekuwa anakuja kutupiga picha. Tulibishana juu ya jinsi ya kuipa majedwali, juu ya kitu gani kinachoweza kupanguliwa bila umbo kubadilika. Dada aliweka sheria: kila mashine inapofanya vizuri hata kidogo, kwanza tunailisha upuuzi. Ikijibu upuuzi kwa kujiamini, tunaitupa. Tumetupa nyingi.

Mwezi uliopita moja ilianza kupata. Si nyingi, lakini zaidi ya bahati. Tukaiandikia jedwali la uongo kama kawaida, viatu na nyumba na umri, nayo ikayumba, ikatoa jibu lisilo na maana, kama inavyopaswa. Tukabadilisha mpangilio wa mistari ya umbo la kweli. Jibu halikubadilika, kama inavyopaswa. Dada akavua miwani, akaisafisha kwa pindo la kitenge, akaivaa tena.

"Kuna kitu inakitazama," akasema.

"Kitu gani?"

"Sijui."

Akavuta kiti karibu na skrini. Kutoka chumba cha pili vijana walikuwa wanaiita miti ya kahawa kwa namba zake, kwa sauti, mmoja akisoma na mwingine akiandika. Nilifunga mlango, nikakaa upande wake, tukachagua umbo moja dogo na kuanza kulifuta namba mojamoja, ili tuone ni ipi ikiondoka mashine itashtuka.